Vijiji Nilivyovifanya Nukta Moja

Nilikwenda Newala kwenye arobaini ya Bakari nikiwa nimejiandaa kulia, nikajikuta nabishana. Wanawake wawili aliowahi kuwafundisha sekondari walikuwa wamekaa nami mkekani, wakielezana jinsi mwalimu wao alivyokuwa akiandika programu za kompyuta kwanza kwenye daftari, kwa penseli, ndipo aiguse mashine. Mmoja akasema ulikuwa uzee ule. Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba Bakari alianza mtindo huo akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na wala si kwa uzee, ni kwa sababu tulikuwa wawili na kompyuta ilikuwa moja, na aliyeikalia kutwa nzima ni mimi. Wakanitazama, mama mtu mzima mwenye miwani anayegombana msibani, kisha mmoja akaniuliza kama mimi ni mtani. Nikasema ndiyo, Mmakua wa Chiungutwa. Wakacheka, wakanisogezea chai. Utani una faida zake: umeniokoa na aibu nyingi maishani, na siku ile uliniokoa na aibu ya kuwapigia kelele watu kwa sababu tu rafiki yangu amekufa na sina wa kumpigia.

Habari za nilikozaliwa na nani alinisomesha sitazirudia hapa. Ninachotaka kukisema ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Newala na Bakari tukiandika programu ya kuiga mtandao wa kompyuta ambao ulikuwa haujajengwa. Ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilishafika Masasi mjini, lakini Newala ukitaka kuongea na mtu ilibidi upande juu ya kichuguu kimoja nyuma ya soko, na kichuguu chenyewe kilikuwa na foleni. Mradi mmoja ulitaka kuunganisha shule na zahanati zote kuanzia Masasi, kupanda Newala, mpaka Tandahimba, kwa minara na antena, ili muuguzi wa kijijini aweze kuuliza dawa iko wapi bila kumpandisha mtu baiskeli. Kabla ya kusimamisha mnara hata mmoja, wakubwa walitaka kujua ujumbe utachukua muda gani kufika, wapi patajaa, mnara gani ukae wapi. Kazi hiyo hufanywa kwa programu inayojifanya mtandao: inakuwa na kompyuta za kubuni elfu kadhaa ndani ya kompyuta moja ya kweli, zinatumiana ujumbe wa kubuni, na wewe unakaa unatazama zinavyosongamana. Programu za namna hiyo zilizokuwapo zilihitaji mashine kubwa ambazo sisi tuliziona kwenye picha. Ndipo tukachukuliwa sisi wawili, wahitimu wapya wenye asili ya huku, tuandike yetu.

Tulipanga vyumba viwili kwa Mama Fadhila, mjane mwenye sauti nzito aliyekuwa pia mshika ufunguo wa bomba la mtaa. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi. Kilikuwa na meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi, kompyuta tuliyoifunika kwa kanga kila tukitoka kwa sababu ya vumbi jekundu, na dirisha la mbao lililotazama uani. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia kila neno. Siku ya tatu tu ya kukaa pale nilimsikia jirani akimuuliza Mama Fadhila, "Hawa wageni wako ni ntu na nkewe?" Mama Fadhila akajibu bila kuacha kutwanga, "Hapana. Wanagombana kuliko ntu na nkewe." Bakari alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilinuna, maana nilijua nani anayegomba.

Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza chakula. Ugali wa muhogo na mbaazi, mbaazi na ugali wa muhogo, na siku njema kisamvu kilichotiwa karanga. Msimu wa ming'oko, Mama Fadhila alichemsha mizizi ile ya porini sufuria zima, tukaikalia watatu uani, tunamenya na kula na chumvi huku Bakari akichora mtandao mchangani kwa kijiti. Mwezi wa Ramadhani alifunga, na mimi nikajificha na chai yangu jikoni kwa adabu, naye akapita mlangoni na kusema kwa sauti, "Mmakua, unakunywa kwa kujificha kana kwamba umeiba." Mabibo ya mikorosho yalipoiva mji mzima ulinuka utamu uliochacha. Hata leo nikipita sokoni Dar es Salaam nikakutana na harufu ile, moyo unanienda Newala kabla miguu haijajua. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Sikujua, maana nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hajui kama ana furaha.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Niliiandika mimi. Ndani yake kulikuwa na saa, na kila saa hiyo ilipogonga, yaani mara elfu moja kwa kila sekunde ya kubuni, programu ilipita kwa kila kompyuta ya kubuni kuiuliza kama ina ujumbe wa kutuma. Tuliiwasha tukaiacha. Umeme wa Newala wakati huo ulitoka kwenye jenereta la mji na ulikuwa wa saa maalumu, kwa hiyo Bakari aliifundisha programu kujihifadhi kabla umeme haujakatika na kuendelea ilipoishia. Ikaendelea, ikaendelea. Baada ya siku tisa ilikuwa imeiga siku moja tu ya mtandao.

"Hivi nyingi huwa zinajibu nini?" Bakari akaniuliza, mkono shavuni.

"Nyingi hazina kitu. Zahanati inaweza kukaa saa nzima haijatuma neno."

"Kwa hiyo tumekaa siku tisa kusikiliza watu wakisema 'sina'."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Na kwa hasira nikafanya jambo ambalo wahandisi hulifanya kila siku na huliita busara: nikapunguza. Niliichukua ramani, nikavitazama vijiji vya mbele ya Mnyambe, vile vya ukingoni ambako barabara inakwisha, nikavikusanya vyote nikavifanya nukta moja. Zahanati zote za kule zikawa kompyuta moja, na shule zake zote humo humo. Programu ikakimbia. Ndani ya asubuhi moja ikaiga siku nzima, ikatoa majedwali safi: mnara mmoja barabarani unatosha, vijiji vya ukingoni havina ujumbe wa kutisha, viwekwe awamu ya pili. Sisi tuliokulia kusini tunajua awamu ya pili ni nini. Ni namna ya kiungwana ya kusema kamwe.

Bakari alisoma majedwali yale akiwa amesimama. Kwao kulikuwa ndani ya nukta ile. Mama yake mzazi alikuwa akiishi hatua mia mbili kutoka kwenye zahanati niliyoifuta.

"Umepafanya kwetu kitone cha wino," akasema.

"Nimefanya programu iishe kabla hatujazeeka. Ulitaka nifanyeje?"

"Sijui. Lakini sitaweka jina langu hapa."

Tukanuniana wiki nzima. Tulifanya kazi meza moja tukizungumza kupitia kwa Mama Fadhila. "Mama, mwambie Dafrosa anipishe kwenye mashine." "Mama, mwambie Bakari mashine haina jina lake." Mama wa watu akachoka. Asubuhi moja akatuambia wote wawili tuchukue ndoo tumfuate bombani, maana maji yalikuwa yametoka baada ya siku nne na yeye hakuwa na nguvu ya kubeba ya wageni wanaonuna.

Aliyewahi kukaa Newala anajua maji ya kule hayakuwa ya kufungua tu. Bombani kulikuwa na ndoo labda themanini, zimepangwa mstari, kila moja na alama yake, kitambaa au rangi, na wenyewe hawapo. Mama Fadhila akakaa kwenye kigoda chake kando ya bomba, akaanza kupukuchua mbaazi. Ndoo ya mbele ilipokaribia kujaa aliita jina la ndoo inayofuata, mtu akatokea huko alikokuwa, akachukua zamu yake, akaondoka. Bakari, ambaye utoto wake wote ameliona jambo hilo, akasimama kulitazama kama mgeni.

"Shikamoo, mama," akamsalimia upya, jambo lililonichekesha.

"Marahaba. Umeniamkia tangu asubuhi, una nini?"

"Wenye ndoo wako wapi?"

"Wako shamba, wako sokoni, wengine wamelala. Kila ntu na shughuli yake. Zamu ikifika naita."

"Hupiti kuwauliza kama wanataka maji?"

"Nikipita nyumba themanini, bomba atashika nani? Naangalia ndoo ya mbele tu. Ya nyuma yanihusu nini?"

Bakari akanyoosha kidole ukutani, kulikokuwa na ndoo nyingine zimerundikwa ovyo, hazina mstari. "Na zile?"

"Za kesho."

"Mbona hazijapangwa?"

Mama Fadhila akamtazama kwa huruma. "Za kesho nizipange leo ili iweje? Kesho ikifika nitapanga za kesho. Mimi nangu sina kazi ya kupanga mara mbili."

Bakari akageuka kunitazama, mara ya kwanza kwa wiki nzima. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kila kitu tulichokikosa kilikuwa pale. Hakuna haja ya saa inayogonga. Hakuna haja ya kumuuliza asiye na kitu. Kila kompyuta ya kubuni iweke alama tu ya lini itakuwa na ujumbe, kisha ilale. Programu itazame alama ya mbele, iruke moja kwa moja mpaka wakati huo, imwamshe mwenyewe, iendelee. Na zile alama za mbali zisipangwe, zirundikwe kwa siku zake, zipangwe siku zao zikifika. Vitabuni jambo hilo lilikuwapo, nilikuja kuligundua baadaye na nikaona haya kidogo, lakini vitabu hivyo havikuwapo Newala na Mama Fadhila alikuwapo. Tuliacha ndoo zetu pale pale. Alituita mara tatu, hatukutokea, akatupeleka mwisho wa mstari kama sheria inavyosema.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoililia. Bakari aliandika kwa penseli, mimi nikaingiza, akasoma tena, akanionyesha makosa kwa upole unaoudhi. Tulivirudisha vijiji vyote vya ukingoni, kimoja kimoja, kwa majina yake. Tulibishana juu ya kila kitu kidogo: ujumbe uchukue nafasi gani katika kumbukumbu ya mashine, ubebe maneno yake yote au ubebe ukubwa wake tu. Ilionekana maneno hayahitajiki. Foleni inajali ukubwa wa ndoo. Bado mtandao mzima, na shule zake na zahanati zake na siku za msimu wa korosho ambapo kila mtu ana neno la kusema, ulihitaji siku nyingi za umeme wa kuhesabiwa. Lakini sasa zilikuwa siku zenye mwisho.

Barua ikaja kwamba mkutano wa kuamua umewahishwa, ungefanyika Masasi wiki ile ile. Tulihesabu. Programu ingemaliza asubuhi ya siku ya mkutano wenyewe, umeme ukituhurumia. Tukakubaliana mimi nitangulie Masasi, Bakari abaki na mashine, kisha ashuke na majibu kwa gari lolote atakalopata. Nilipokuwa nikifunga begi niliyatia majedwali ya zamani, yale ya nukta moja. Nilijiambia ni tahadhari. Bakari hakuniona nikiyatia, au ndivyo nilivyodhani.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni, viti vya plastiki, feni isiyozunguka. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole. Mwezi uliopita alikuwa ameniambia faragha kwamba kazi ikienda vizuri, mmoja wetu atapelekwa nje kusoma zaidi, na alivyoniambia mimi niliona ameshachagua. Nikasubiri. Wakajadili mengine. Wakanywa soda. Saa tano, saa tano na nusu. Nikawa natazama mlango mpaka mmoja akaniuliza kama nadaiwa huko nje. Mwishowe mkubwa akasema, "Dada Dafrosa, sisi tunatakiwa Mtwara leo. Kama huna kitu, tuandike huna kitu."

Nikasimama. Ningeweza kusema sina. Ni neno fupi, na kompyuta zangu za kubuni zilikuwa zimelisema mara mamilioni. Badala yake nikafungua begi nikawaonyesha majedwali ya nukta moja. Yalikuwa mazuri. Nilieleza vizuri pia, nina ulimi. Wakapiga makofi, wakaandika: mnara mmoja barabarani, vijiji vya mbele ya Mnyambe awamu ya pili. Wakasaini. Wakaingia kula.

Nilitoka nje kupunga hewa na hapo lori la korosho likasimama. Bakari akashuka kutoka juu ya magunia, mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu, bahasha kifuani.

"Wameanza?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilimwambia aende nyuma jikoni akaombe maji na chakula, nitaingia na karatasi mimi mwenyewe. Akanipa bahasha bila kuuliza. Nilizisoma karatasi zake nimesimama ukumbini. Vijiji vya ukingoni havikuwa kimya hata kidogo. Vilikuwa vinaongea kutwa nzima, ila vilikuwa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Zahanati ikikosa dawa ya nyoka haianzi kuuliza hospitali ya wilaya, inaanza kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani. Nilipovikusanya kuwa kimoja nilikuwa nimeyazima mazungumzo yote hayo, maana nukta haina wa kuongea naye ndani yake. Na mimi ni mtu wa Chiungutwa. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akianza kuomba chumvi mjini kabla ya kugonga mlango wa jirani. Chini kabisa Bakari alikuwa ameandika kwa penseli: mnara ule ule mmoja ukisogezwa upande wa Mnyambe, wote wanapata.

Nikaingia walikokuwa wanakula wali na kuku. Nikasema nilichowaonyesha hakikuwa sahihi, kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa hakijakamilika, na kwamba hiki ndicho cha kweli.

"Lakini tumeshasaini, dada," mkubwa akasema, mfupa mkononi.

"Mmesaini uvivu wangu. Naomba mfute."

Vijiko vikawekwa chini. Msichana aliyekuwa akigawa mchuzi alisimama na bakuli lake, hajui aendelee au arudi. Mkubwa alinawa mikono taratibu, akachukua karatasi, akazisoma zote. Akaomba kalamu. Habari ya masomo ya nje haikutajwa tena, na sikuiuliza. Mnara ulisimama upande wa Mnyambe, na kwa miaka kadhaa, mpaka simu zilipokuja na minara yao mikubwa, muuguzi wa kijijini kwa akina Bakari aliuliza dawa kwa jirani bila kumpandisha mtu baiskeli. Mimi niliondoka Newala mwisho wa mwaka. Bakari akabaki, akafundisha, akaoa. Tuliandikiana, tukapigiana, tukataniana, na kwa miaka yote hiyo sikumwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Kila mara nilisema nitamwambia tukionana.

Siku ya arobaini, watu walipopungua, nilimfuata mkewe, Somoe, mama wa binti yao Salma, uani, nikamsaidia kusugua masufuria. Ni mwanamke wa maneno machache na nilimjua kidogo tu. Akaniambia marehemu alipenda kuwasimulia wanafunzi wake habari ya Masasi, jinsi rafiki yake alivyowaweka wakubwa ukumbini, akakataa kufungua mdomo mpaka yeye afike na karatasi.

Nikaacha kusugua. Nikasema, "Mama Salma, haikuwa hivyo." Nikamweleza yote, majedwali, makofi, saini, lile neno "bado". Nilikuwa nikilia na majivu mikononi. Yeye aliendelea kusuuza.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nagawa mchuzi."

Nikamtazama. Sura ya msichana yule sikuwa nimeihifadhi. Siku zote nilidhani walikutana shuleni.

"Nilirudi jikoni nikamkuta kakaa kwenye kigoda, vumbi tupu, anakula. Nikamwambia yule dada wa ndani kawaonyesha karatasi nyingine, wakasaini. Nilidhani atapasua sahani."

"Akasema nini?"

Somoe akaliinamisha sufuria maji yatoke. "Akaniuliza, 'Sasa yuko wapi?' Nikamwambia karudi ndani, anawaambia wafute. Akamaliza kula, akanawa. Akasema, 'Basi amenisubiri.'"